Bahari Ndogo ya Mbodze

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa mmeamka. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, niwape habari za hapo kale, kale yenyewe, wanyama walipokuwa wakioana na kuhama na kukumbuka kwao kama sisi.

Alikuwako pimbi mmoja, jina lake Mbodze. Alizaliwa pwani, kwenye majabali ya matumbawe. Maji yakijaa, mawimbi yalipiga chini ya nyumba yao, pwaa! Maji yakipwa, yaliacha vidimbwi katikati ya mawe, na kila kidimbwi kilikuwa dunia nzima. Humo mlikuwa na kamba wanaopenyeza mwanga kama kioo. Mlikuwa na konokono, na vitu vinavyofumbuka kama maua na kujifumba ukivigusa. Mbodze mdogo alilala kifudifudi akachungulia mpaka mama yake akamwita mara tatu.

Akakua. Akaposwa na pimbi wa bara, Ngala. Ngala alikuwa mume mpole, mcheshi, mvivu kidogo. Wazee wake wakaenda pwani kumchukua mkewe mpaka kwao Kilima Chekundu, mwendo wa siku tatu. Huko kulikuwa na majani matamu. Kulikuwa na mawe mapana ya kuota jua. Mawifi walimpenda. Kila kitu kilikuwako. Bahari haikuwako.

Mwaka ukapita. Mwaka wa pili ukapita. Mbodze akazaa mapacha. Lakini kila asubuhi alipanda juu ya jiwe, akaelekea mashariki, akainua pua.

"Mke wangu, unanusa nini?" Ngala aliuliza.

"Chumvi."

"Huku hakuna chumvi."

"Najua," Mbodze akasema. Akanusa tena.

Na akifanya kazi, aliimba. Nisaidieni kuitikia:

*Maji yangu, nimeyaacha wapi?*
Shwaa, shwaa!
*Yananijua bado, au yamenisahau?*
Shwaa, shwaa!

Basi, kileleni mwa kilima palikuwa na shimo katika mwamba, pana kama ungo, kina chake kifua cha pimbi. Siku moja Mbodze akalitazama. Akalizunguka. Akalitazama tena.

"Ngala," akasema, "mimi siwezi kurudi baharini. Watoto wako huku, na wewe uko huku. Nitaileta bahari huku."

Ngala akacheka. Alipoona mkewe hacheki, akanyamaza.

Mbodze akamwendea Punda. Punda alikuwa mzee, magoti yanamuuma.

"Mzee wangu, nibebee mitungi mpaka pwani na kurudi."

"Mimi nitapata nini?"

"Utasimama ndani ya maji ya chumvi. Yanatuliza magoti."

Punda akafikiri. "Tunaondoka lini?"

Wakaondoka. Tikitiki, tikitiki, siku tatu. Walipofika pwani, Mbodze hakwenda hata kuwasalimu ndugu zake. Haraka ilimshika kama homa. Akajaza mitungi maji ya bahari. Akachota mchanga. Akavunja matumbawe, ka! ka! akayarundika juani. Kisha akaona samaki wawili, vitatange, mke na mume, manjano kama embe bivu, wanaogelea ubavu kwa ubavu. Alipokwenda mume, mke alikuwako. Alipogeuka mke, mume aligeuka.

"Hawa!" Mbodze akasema. Akawatega, akawatia mtungini, chubwi!

"Tunakwenda wapi?" akauliza Kitatange mume.

"Kwangu," Mbodze akajibu.

Walipofika Kilima Chekundu, siku ileile akamwaga maji shimoni. Siku ileile akatandika mchanga. Siku ileile akapanga mawe, akatia samaki. Wanyama wote wakaja. Sungura, nyani, kanga, wote. "Lo! Lo! Lo!" Nungunungu alisahau hata kukunja miiba yake, akamchoma nyani. Mbodze alilala kifudifudi, akachungulia, machozi yakamtoka kwa furaha.

Siku ya kwanza, vizuri.

Siku ya pili, maji yakawa na ukungu.

Siku ya tatu, yakanuka. Yale matumbawe yaliyokaushwa na jua yalikuwa yameoza. Samaki walikuja juu, vinywa wazi, hap, hap, hap. Mbodze akakimbia huku na huku. Akapepea maji kwa jani. Akawatupia chakula, maji yakazidi kuchafuka. Jua lilipofika utosini, Kitatange mke akalala ubavu. Hakuinuka.

Mume akamzunguka. Akamsukuma kwa mdomo. Akamzunguka tena.

"Amekuwaje?" Mbodze akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye wa kukuuliza," Kitatange akasema. "Tulikuwa kwetu. Hatukukuita. Umemfanya nini mwenzangu?"

Wasikilizaji wangu, Mbodze akainama karibu na maji. Alilitazama lile jicho la samaki, na ndani yake akaona kitu alichokijua. Alikuwa nacho yeye mwenyewe miaka miwili kila asubuhi.

Mara mchanga ukatikisika. Akatoka kaa mdogo, yule anayebeba nyumba ya konokono mgongoni. Alikuwa amechotwa pamoja na mchanga bila kujulikana.

"Ninyi wa juu mna wazimu," Kaa akasema. "Baharini kuna viumbe wadogo usiowaona kwa macho. Wamekaa ndani ya mawe, wanakula uchafu wetu, maji yanabaki mazuri. Wewe mawe umeyaua juani. Samaki wamevuta uchafu wao wenyewe."

"Huyu aliyebaki atapona?"

"Hapa hapana. Umebakiza maji safi?"

"Mtungi mmoja."

"Mtie humo. Twende sasa hivi. Na njiani utikise mtungi usichoke, apate pumzi."

Mbodze akamwita Punda. Punda alitazama magoti yake, akamtazama samaki, hakuuliza kitu. Wakashuka. Tikitiki, tikitiki. Mbodze amekaa mgongoni, amekumbatia mtungi, anatikisa. Chubwi, chubwi. Mikono ikafa ganzi. Chubwi, chubwi. Kila akitaka kuacha, Kaa alimfinya sikio. Punda, ambaye hajawahi kukimbia tangu uzee umkute, alikimbia. Mwendo wa siku tatu wakaufanya mbili.

Wakafika maji yamepwa. Mbodze akauinamisha mtungi taratibu. Kitatange akatoka ubavuubavu kama jani. Akatulia. Wimbi dogo likaja, shwaa, akajinyoosha.

"Nisamehe," Mbodze akasema.

Kitatange hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Alikwenda mpaka kwenye lile jiwe walilokuwa wakizunguka wawili. Akalizunguka mara moja, peke yake, ameacha nafasi ubavuni. Kisha akaingia kilindini.

Mbodze akakaa juu ya mwamba akalia. Bahari ilikuwa mbele yake, ile aliyoililia miaka miwili, na sasa hakuweza kuitazama.

Baadaye Kaa akamsogelea. "Bado unaitaka bahari yako ndogo?"

"Sistahili."

"Sikukuuliza kama unastahili. Unaitaka?"

Mbodze akafuta uso. "Naitaka. Naikumbuka hata nikiwa nimelala."

"Basi jifunze. Usivunje kitu. Chukua mawe yaliyoanguka yenyewe, uyafunike kwa mwani uliolowa, yasikauke njiani. Tia maji, tia mchanga, tia mawe. Kisha usitie kitu. Ngoja. Yatakuwa machafu, ngoja. Yatakuwa ya kijani, ngoja. Jua likipunguza maji, ongeza maji ya mvua, si ya bahari, kwa maana jua hunywa maji likaacha chumvi. Miezi mitatu iandame."

"Mitatu! Na samaki?"

"Samaki hapana. Mimi nitakuja, kwa hiari yangu. Nataka kuona mito inatoka wapi. Nikichoka utanirudisha."

Mbodze akaahidi. Safari hii akaenda kwa ndugu zake, akasalimu, akala nao, akalala siku mbili. Punda naye akasimama majini mpaka magotini, amefumba macho.

Wakarudi na mitungi ya maji waliyoazimwa na ndugu, na mchanga, na mawe yaliyofunikwa mwani. Akaliosha shimo. Akapanga. Akangoja.

Mwezi wa kwanza ukaandama. Maji yakawa ya kahawia, mawe yakaota ute. Nungunungu akapita. "Mbodze, unafuga mawe yaliyolowa?"

"Nafuga," Mbodze akasema.

Mwezi wa pili ukaandama. Kila kitu kikawa kijani. Kaa akala ule ujani, krup, krup, hakuumaliza. Mbodze alikuwa na hamu ya kubadilisha, kuongeza, kusugua. Alikaa juu ya mikono yake isiguse kitu. Aliimba polepole. Maji yakipungua, alimimina maji ya mvua, kata moja, basi.

Mwezi wa tatu ukaandama. Siku moja asubuhi akaja akakuta maji maangavu kabisa, hata alidhani yameisha. Akalala kifudifudi. Juu ya jiwe palikuwa na doa la waridi ambalo jana halikuwako. Konokono mdogo kama punje ya mtama alikuwa akitembea. Na pembeni, kwenye ufa, kitu kikafumbuka. Kilikuwa kidogo kama ukucha, kina vidole vya kijani vinavyopunga ndani ya maji. Hakuna aliyekileta. Kilikuja kimelala ndani ya jiwe, kikangoja kama alivyongoja yeye.

Mbodze hakupiga kelele. Alikwenda akamwamsha Ngala.

Ngala akaja anapiga miayo. Akainama. Miayo ikakatika. Hakuwa amewahi kuiona bahari maishani mwake. Akatazama muda mrefu, jua likapanda, mgongo ukapata moto.

"Kumbe kwenu ndiko huku," akasema.

"Hiki ni kipande tu. Hata kipande si chenyewe, ni mfano."

"Samaki hutatia?"

"Sitatia."

Ngala akatazama tena. "Mimi nilidhani ni maji tu," akasema. "Miaka yote nilidhani unalilia maji. Twende wote. Watoto pia. Nikaione yenyewe."

"Ni siku tatu kwa miguu, Ngala. Na wewe mlima huu tu unakuchosha."

"Sikukuuliza ni siku ngapi," Ngala akasema.

Wakaenda.

Na mafunzo yake ni haya, wakubwa kwa wadogo: ukikipenda kitu, usikinyakue. Kipe muda wake kiishi. Na hamu yako ya kwenu isimtoe mwingine kwao.

Hapo ndipo nilipofika na hadithi yangu. Nimeitua, migongo ipumzike.