Nguzo Zilizokatwa Miguu

Hapo zamani, nguzo za nyumba zilipokuwa zikibabuliwa miguu kwa moto zisiliwe na mchwa, Sudi alimjengea mkewe Mwanahawa nyumba ya udongo. Alibabua kila nguzo upande wa chini mpaka ukawa mweusi tititi, ndipo akazisimamisha.

Jirani akapita, akacheka.

"Sudi, hilo ni paa au kofia ya mlevi?"

Kweli, nguzo mbili zilikuwa ndefu. Juu hazikatiki, maana ndiko kwenye panda za kubebea boriti. Mwanahawa akalia kwa aibu. Sudi akazing'oa, akazikata miguu ile iliyobabuliwa, akazirudisha. Paa likanyooka.

Kipupwe kikaingia. Upepo ukapenya chini ya ukuta, mtoto wao Kibibi akakohoa. Mwanahawa akabeba udongo mbichi, akaurundika kwenye nguzo zile, akaushindilia. Kikohozi kikakoma.

Mama mkwe, Bi Mgeni, akaja kuwatembelea. Akaona njia ya mchwa imepanda nguzoni. Akafumbua mdomo, akaufumba. Kwao, mama wa mume hataji ubovu wa nyumba ya mkwewe. Akiutaja, ni kama amemfukuza.

Masika ikapiga. Mchana kweupe, nguzo mbili zikakatika kama muhogo uliooza. Kibibi alikuwa amelala ndani.

Baada ya maziko, watatu wale wakabaki mkekani.

"Mama, mchwa uliwaona?" Mwanahawa akauliza.

"Niliwaona, mwanangu. Nikaogopa utasema nakusimanga."

"Si ungenisimanga, mama! Ungenitukana kabisa!"

"Mwache mama," Sudi akasema. "Miguu nilikata mimi. Lakini nilikata kwa machozi yako. Na udongo, nani aliwapelekea mchwa?"

"Mwanao alikuwa anakohoa, Sudi!"

Mwanahawa akawatazama. Kama ni Sudi, atalalaje naye? Kama ni mama, atamwamkia kwa mdomo gani? Na kama ni yeye mwenyewe, ataiweka wapi mikono hii? Akatamani mmoja wao aseme, "Ni mimi peke yangu." Hakuna aliyesema, na yeye pia hakusema.

Basi semeni nyinyi mnaosikiliza, maana wao wameshindwa: Je, Kibibi aliuawa na nani? Aliyekata, aliyerundika, au aliyenyamaza?