Ndama wa Atuganile na Simu ya Jumanne

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijaota hata mvi, kwa kuwa simu zilikuwa zimekwisha kufika vilimani na lami ilikuwa bado, aliishi mama mmoja aitwaye Atuganile. Alikuwa mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Maridadi, na alikuwa na saratani ya damu. Saratani hiyo ilikuwa ya aina iendayo polepole, aina inayotulizwa kwa kidonge kimoja kila siku, mradi kimezwe kila siku.

Mwaka wa kwanza alisafiri kila mwezi hadi hospitali ya rufaa: siku moja ya kwenda, siku moja ya benchi, siku moja ya kurudi. Mwaka wa pili damu yake ilitulia, akaingizwa katika orodha ya wagonjwa wanaofuatiliwa kwa simu. Tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, muuguzi aitwaye Sista Hedwiga alimpigia. Aliuliza kwa mpangilio uleule: homa, uzito, jasho, chakula, maumivu. Kisha alisema, "Haya mama, vimimine." Naye Atuganile alidondosha vidonge vilivyobaki, kimoja kimoja, katika sahani ya bati. Ta. Ta. Ta. Kule hospitalini Sista Hedwiga alihesabu kwa sikio.

Dawa ile ilikuwa na ukorofi mmoja: ilikaza misuli ya mikono. Asubuhi vidole vya Atuganile vilijikunja, chuchu za Maridadi zisishikike. Miezi mitatu mfululizo alilalamika, na miezi mitatu mfululizo Sista alimwambia anywe maji zaidi. Mwezi wa nne alijitibu mwenyewe: leo anameza, kesho anaacha. Mikono ikalegea, ndoo ikajaa. Lakini aliogopa kuondolewa katika orodha na kurudishwa kwenye benchi. Kwa hiyo, kabla ya kila simu, vidonge vya ziada alivihamishia katika kopo la majani ya chai, chini ya kitanda, akabakiza idadi inayotakiwa.

Simu ya kwanza baada ya hapo ikapita salama. Wiki hiyohiyo kopo likaonekana. Aliyeliona ni Tumwitike, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja.

"Wifi, haya ni majani ya chai ya wapi, ya manjano na ya mviringo?"

"Usimwambie mtu. Niapie."

"Wifi—"

"Niapie."

Tumwitike akaapa kwa jina la kaka yake kwamba hatasema.

Simu ya pili ikaja. Homa? Hakuna. Chakula? Kizuri. Maumivu? Hakuna, Sista, namshukuru Mungu. Vidonge vikadondoka vinne, na vilitakiwa vinne. Wagonjwa wanane walikuwa wakingoja zamu yao, lakini Sista Hedwiga hakukata simu.

"Mama, miezi mitatu umenililia mikono. Leo imepona yenyewe?"

"Mungu ni mwema."

"Ni mwema. Kesho nenda kapime damu."

"Kipimo changu ni baada ya miezi miwili."

"Kesho, mama."

Kesho hakwenda. Keshokutwa hakwenda. Siku ya tatu Sista alimpigia Ambokile, mpima damu wa kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya mto. Ambokile akafunga dirisha la maabara, akabeba sindano na kisanduku cha barafu, akaenda kwa pikipiki hadi mtoni, akavuka kwa miguu kwa kuwa daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, akapanda kilima. Akamkuta Atuganile akikamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siwezi kutoka, ndoo hiyo unaiona."

"Naiona. Nipishe kidogo."

Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akakamua hadi tone la mwisho. Nusu ya maziwa iliishia viatuni mwake. "Kazi imekwisha," alisema. "Nipe mkono." Atuganile akacheka, akautoa mkono.

Majibu yakarudi: chembe nyeupe zilikuwa zimepanda mara tatu. Daktari akasema dawa imeshindwa, mgonjwa aje alazwe, aanzishiwe nyingine kali zaidi. Sista Hedwiga akapiga simu kumweleza. Atuganile akasikiliza, akajibu, "Sawa, Sista," asitaje kopo.

Simu ilikuwa kwenye spika. Tumwitike akaenda chini ya kitanda, akarudi, akaliinamisha kopo juu ya sahani ya bati, taratibu. Ta. Ta. Ta. Hakusema neno. Sahani ilipotulia, sauti ilisikika kutoka hospitalini: "Ishirini na sita."

Hapo ikajulikana kwamba dawa haikushindwa; haikumezwa. Daktari akatengua uamuzi wake: dawa ileile, kila siku, jioni baada ya chakula. Na asubuhi Tumwitike akamue.

"Na orodha, Sista?" aliuliza Atuganile.

"Umo, mama. Ila sasa nitakupigia kila Jumanne."

Chembe nyeupe zikaanza kushuka. Mwezi wa sita damu ikatulia, na siku hiyo Atuganile aliahidi mbele ya wanawake wa kanisa: Maridadi akizaa ndama jike, ndama huyo ni wa mtu aliyemrudishia uhai. Mtu mmoja, maana ndama hakatwi vipande. Maridadi akazaa ndama jike. Jumanne, saa nne asubuhi, Atuganile akasimama zizini na kamba mkononi, Tumwitike na Ambokile wakiwa kando yake, simu ikiwa juu ya ndoo kwa spika.

Sista Hedwiga akasema: "Kazi yangu hainiruhusu kupokea hata yai la mgonjwa. Ndama alale kwako, ila aitwe wangu. Sahani ilisema nne, na nne ilikuwa sawa. Mimi nilisikia lalamiko lililokosekana. Bila mimi, nani angeitafuta damu?"

"Ulisikia simu ya pili," alisema Tumwitike. "Ya kwanza ilikupita."

Ambokile akasema: "Shaka ya Sista ilikaa siku tatu bila kuzaa kitu. Mimi nilivuka mto. Bila mimi, damu ingetoka vipi kilimani?"

"Na wagonjwa uliowafungia dirisha? Na maziwa yangu viatuni?" aliuliza Atuganile.

Tumwitike akasema: "Damu yenu ilimfanya daktari akosee. Ingempeleka wifi yangu kwenye dawa isiyo yake. Bila mimi, nani angejua sababu?"

"Dada, uliapa," alisema Ambokile, aliyekuwa amesimuliwa habari ya kopo. "Na mwezi mzima ulijua ukanyamaza."

"Niliapa kwamba sitasema. Nilisema?"

"Hakusema," ilikiri simu juu ya ndoo. "Mimi nilihesabu tu."

Atuganile akawatazama, akaitazama simu, akavitazama vidole vyake vilivyoishika kamba, vimenyooka vyote. "Saratani imeshindwa kunimaliza," alisema, "nyinyi ndio mtakaonimaliza."

Ndama anavuta kamba, anataka kwenda kunyonya. Simu bado iko hewani, na mgonjwa wa pili katika orodha anangoja zamu yake. Nanyi mliosikia yote tangu mwanzo, msimwachie Atuganile peke yake. Aliyesikia, aliyevuka mto, na aliyemimina: je, nani alistahili ndama?