Kituo Kiitwe Jina la Nani

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, nikimaliza nisimsikie. Nasema hivi: kituo kipya cha polisi cha Kitobe, kile cha bati jekundu kule mpakani, kililetwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika bunduki. Unacheka? Cheka. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kuhesabu watu watatu hakunishindi. Nyinyi wenye vyeti ndio nitawaona leo.

Wa kwanza ni Shangazi Wakio, muuza nyanya. Kipaji chake ni kumbukumbu. Mkanyage mguu leo, atakukumbusha siku ya harusi yako. Bunge likiwa redioni, wateja huwanyamazisha: "Shh! Wanapiga kura!" Nani kasema ndiyo, nani kasema hapana, yote huyapanga kichwani kama nyanya kwenye tenga.

Wa pili ni Mheshimiwa Nyambu, mama mbunge wetu. Kipaji chake ni shingo ngumu. Akisema hapana, hata umletee mamake mzazi, ni hapana.

Wa tatu ni Kubo, kijana wa hapa hapa anayeendesha bodaboda mji mkuu. Kipaji chake ni mwendo. Mimi naendesha vizuri kumshinda, lakini leo namwachia.

Haya. Mwaka wa kwanza serikali ilipeleka bungeni ombi la fedha za usalama wa mipaka. Mheshimiwa Nyambu akafungua makaratasi, akaona magari mapya ya wakubwa. Akaitafuta Kitobe mpaka macho yakamuuma. Haimo. Akapiga kura: hapana. Mwaka wa pili makaratasi yakarudi, na magari yameongezeka. Hapana tena. Fedha zikakwama kwa kura moja mara zote mbili, na kituo chetu cha zamani, chenye askari wawili na redio mbovu, kikafungwa kabisa.

Wezi wa ng'ombe nao wana masikio. Walivuka mpaka mchana kweupe, wakaswaga ng'ombe saba wa Shangazi Wakio. Mumewe, Mwasi, akawafuata peke yake. Alirudi amebebwa kwa mkokoteni, mguu umekatwa panga. Mpaka leo anatembelea gongo.

Mwaka wa tatu wakubwa wakaona wakimpuuza Mheshimiwa Nyambu wataaibika tena. Wakaingiza mstari mmoja: Kitobe, kituo kipya, gari moja, askari kumi na wawili. Lakini magari yao hawakuyatoa.

Mheshimiwa akaja barazani kutueleza. "Siwezi kuwanunulia wakubwa magari kwa kisingizio cha Kitobe," alisema. "Nitasema hapana mara ya tatu."

Shangazi Wakio akasimama. "Mheshimiwa mwanangu, nikusomee kura zako?"

"Nisomee, mama."

"Mwaka juzi, Jumatano, hapana. Nikakupigia makofi. Mwaka jana, Alhamisi, hapana. Siku kumi na tisa baadaye Mwasi akaletwa kwa mkokoteni. Hapana yako ni nzuri, mwanangu. Lakini bendeji yake naifunga mimi."

Mheshimiwa akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Nimesikia, mama," akasema.

Siku ya kura ikafika. Gari lake likanaswa kwenye foleni, na bungeni kengele ikaanza kulia. Utaratibu wa kule ni huu: kengele hulia dakika nane, kisha milango hufungwa, na aliye nje abaki nje, awe nani. Dakika ya tatu Kubo akapita kando ya dirisha lake, akamtambua.

"Mheshimiwa! Panda!"

"Na sketi hii?"

"Sketi haipigi kura, mama. Panda!"

Akapanda, viatu mkononi. Kubo akapita pembeni, akapita katikati, akapita pengine ambapo hata mbuzi angeuliza njia. Mlango ulifungwa nyuma ya kisigino cha Mheshimiwa. Akasema ndiyo. Fedha zikapita kwa kura moja.

Sasa kituo kimekamilika na ubao wake hauna jina. Desturi yetu Kitobe, kitu cha kijiji huitwa jina la aliyekileta, na jina ni moja tu, hatuchanganyi. Mheshimiwa ana uchaguzi mwezi wa nane, na wengi bado wanamwita Mama Hapana. Jina lake likikaa pale, huenda akarudi bungeni. Lisipokaa, kwaheri. Mwasi naye anagonga gongo chini: "Kiitwe Wakio! Ulimi wake ndio uliomgeuza." Vijana wa bodaboda wanapiga honi: "Kubo! Ndiyo iliyokwama barabarani ina faida gani?" Na wazee wawili watatu wananong'ona kwamba bila hapana zile mbili, Kitobe isingeandikwa popote.

Je, wewe ungeamua vipi?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nimekiruka.

Kituo cha zamani kilipofungwa, sisi vijana tulilinda kivuko cha mpakani kwa zamu, kila mtu na filimbi yake. Siku ile ya ng'ombe saba, zamu ilikuwa yangu. Niliwaona wezi wakija, watano. Sikupuliza. Nililala kifudifudi kwenye mkonge mpaka walipopita, kisha nikaenda nyumbani nikasema naumwa tumbo. Ningepuliza, vijana arobaini wangetoka, na Mwasi asingewafuata peke yake.

Shangazi Wakio asiyesahau kitu, hili halikumbuki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Lawama zote za ule mkokoteni alimbebesha Mheshimiwa mbele ya watu. Mheshimiwa akazipokea, akaenda nazo bungeni, akapiga kura.

Baraza la jina ni Jumamosi. Mpaka sasa ni mimi na nyinyi tu tunaojua. Nikisimama niseme, jina litakuwa la nani? Na nikinyamaza?