Bi Shufaa na Jini Asiyejua Kubuni

Katika mji wa Durriyani, wenye milango saba ya shaba, alitawala Sultani Nuumani bin Zubeiri, mtu mwadilifu ila mwepesi kuamini karatasi yenye mhuri. Na katika mji huo aliishi fundi mwanamke, Bi Shufaa binti Hilali, na yeye ndiye aliyebuni kioo cha kiganjani chenye pembe za mviringo, ambacho mtu akikigusa kwa kidole na kumtaja mpenzi wake aliye mbali, humwona uso na kumsikia sauti. Miaka tisa alikihangaikia, na vidole vyake vilijaa makovu ya moto.

Basi tajiri Ghalibu alikiona kioo kile, akakitamani. Naye alikuwa na pete, na ndani ya pete jini aitwaye Kashkashi, aliyefungwa kumtumikia. Jini akamchungulia Bi Shufaa akiwa kazini, akafanya vioo mia mfano wa kile katika karakana ya Ghalibu, na Ghalibu akawahi kwa kadhi, akapewa hati kwamba yeye ndiye mbunifu. Kisha akamshitaki Bi Shufaa kwa wizi.

"Ewe Maulana," akasema Ghalibu barazani, akiinama hadi kilemba kikagusa zulia, "pembe za mviringo ni zangu, na kugusa kwa kidole ni kwangu. Hati hii hapa. Naomba karakana ya mwanamke huyu ibomolewe, na asishike nyundo tena maishani."

"Mviringo ni wako?" akauliza Bi Shufaa. "Basi kamshitaki na kuku, bwana, maana yai lake halina pembe hata moja. Na kidole je? Nikitaka kujikuna, nije nibishe hodi kwako?"

Baraza zima likacheka. Waziri akamkemea, "Nyamaza! Uko mbele ya Sultani."

"Najua nilipo, Mheshimiwa Waziri. Nami sinyamazi huku naitwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe."

Sultani akasema, "Karatasi inasema hivi, na ulimi unasema vile. Kesho kila mmoja aje uani na zana zake, atengeneze kioo cha ajabu ambacho hakijapata kuonekana. Atakayeshindwa hadi alasiri, karakana yake itabomolewa."

Asubuhi Ghalibu akaja na fundi mrefu mno, naye ni yule jini katika sura ya mtu. Bi Shufaa akapiga nyundo mara moja. Fundi yule akapiga mara moja. Bi Shufaa akavuta mivukuto mara mbili. Fundi naye akavuta mara mbili. Bibi akahamishia nyundo mkono wa kushoto, na yule akahamisha. Hapo Bi Shufaa akatambua: lolote atakaloliunda, litaundwa pili vilevile, na Ghalibu atapiga tena ukelele wa mwizi. Akaiweka nyundo chini, akakunja mikono, akakaa.

Jini naye akaiweka nyundo, akakunja mikono, akakaa.

"Fanya kazi, mpumbavu!" akanong'ona Ghalibu.

"Nifanye nini, bwana wangu? Hajafanya kitu."

Adhuhuri ikapita. Waziri akamwendea Bi Shufaa, akamwambia kwa huruma, "Jua linakwenda, mama. Utaipoteza karakana."

"Na ibomolewe. Lakini leo simfundishi mwizi kuniibia."

Akapiga mwayo, na jini akapiga mwayo. Kisha akamgeukia Ghalibu, akamtolea ulimi. Na jini akamgeukia bwana wake, akamtolea ulimi wa urefu wa dhiraa.

Sultani akacheka hata akashika mbavu, kisha kicheko kikamkatika, akamgeukia yule fundi mrefu. "Ewe fundi wa Ghalibu, kioo cha kwanza ulikitoa wapi?"

"Mimi huona tu, Maulana, kisha hufanya nilichoona. Mikono niliyoiona ni ya bibi huyu."

Basi hati ikachanwa, karakana ya Ghalibu ikabomolewa, na pete akavishwa Bi Shufaa pamoja na zawadi ya masanduku ya lulu. Sultani akamposea mwanawe, Amiri Sanadi, na Bi Shufaa akasema, "Nitakubali, iwapo jina la karakana litabaki langu." Likabaki, wakaoana.

Na ile pete akaivunja kwa nyundo. "Uko huru. Nenda."

Kashkashi hakwenda. "Niende nikafanye nini, bibi? Miaka elfu sijaunda kitu changu."

"Basi kaa hapa. Fumba macho. Sasa unda."

Akaunda kijiko, kimepinda na kina tundu, hakichoti hata mchuzi. Akakigeuza huku na huku, akitafuta kinafanana na nini, na alipokosa, akalia kwa furaha. Na Bi Shufaa akakitundika juu ya mlango wa karakana, ili kila apitaye ajue kuwa kibovu cha mtu mwenyewe kina heshima kuliko kizuri cha kuiba.