Kitufe cha Kupandisha

Hapo zamani, ila si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, vinanda vya umeme vikiwa vimeshaingia makanisani na wivu ukiwa umetangulia kuingia, palikuwa na kikundi cha kusifu na kuabudu huko Tukuyu. Sogeeni basi. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mwishoni atadaiwa jibu.

Kikundi kilikuwa na watu tisa, lakini kisa hiki ni cha watatu. Wa kwanza ni Sekela, binti wa miaka ishirini na minne, mwenye sauti nyembamba inayopanda hadi kwenye mabati. Huyo ndiye aliyeongoza nyimbo, na nyingine alizitunga mwenyewe. Wa pili ni Lusajo, mpiga kinanda. Wa tatu ni Tumpe, fundi cherehani, katibu wa kikundi, mwenye sauti nzito ya chini. Tumpe alikuwa amesimama mstari wa nyuma miaka kumi na mmoja. Sekela alikuwa na miaka mitatu tu kikundini, na maiki akapewa yeye.

Eti Tumpe hakuona wivu? Weee! Aliuona asubuhi, akaushinda mchana, jioni ukamrudia. Jumapili Sekela anaimba, watu wanalia, wanapunga leso. Tumpe nyuma anaitikia "ooh" na "eeh". Akirudi nyumbani anawasha jiko, anaziimba nyimbo zote za Sekela kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yake ya chini, huku anageuza ndizi. Alizijua kuliko mwenyewe. Alijua hata pale Sekela anapovuta pumzi.

Mara mbili alimwomba Mwalimu Mwaipaja, kiongozi wao, naye aongoze wimbo mmoja. Mara mbili akajaribishwa. Na mara zote mbili wimbo ulianzia juu mno, sauti ikamkatika katikati, vijana wakaficha nyuso.

"Dada Tumpe, wewe ni wa sauti ya pili," Mwalimu alimwambia kwa upole. "Mungu ndivyo alivyokugawia."

Sasa mjue jambo moja kuhusu Lusajo. Lusajo alijua kupiga kwa meno meupe tu ya kinanda. Yale meusi hakuyagusa, kama vile yana moto. Wala hakuona haja, kwa sababu kinanda chake kilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, wimbo wote unapanda, na vidole viko palepale. Kila Jumapili, kabla ya kuanza, Sekela alimwinamia sikioni: "Lusajo, pandisha." Lusajo anabonyeza. "Pandisha tena." Lusajo anabonyeza.

Siku moja barua ikaja kutoka Malawi. Wamisionari wanaotumika nchi za huku wana mafungo yao ya kila mwaka, ya kupumzika na kuomba, juma zima, kwenye nyumba moja huko milimani. Mwaka ule waliomba kikundi cha Tukuyu kiwaongoze katika ibada. Jamani, ilikuwa furaha! Sare zikashonwa, na aliyezishona ni Tumpe. Ya Sekela ilibidi aitie lesi kifuani, kwa kuwa ndiye wa mbele. Aliitia, lakini sindano ilimchoma mara tatu.

Kila mmoja akapewa mzigo wake. Sekela akapewa mfuko wa nyaya wa bluu, wenye adapta ya umeme ya kinanda ndani yake.

Walipofika mpakani Kasumulu, mizigo ikashushwa, ikapangwa mezani, ikakaguliwa. Sekela alikwenda kupiga picha kwenye kibao cha mpaka, mara ageuke hivi, mara vile. Dereva akapiga honi. Watu wakabeba, wakapanda. Tumpe alikuwa wa mwisho. Akageuka, akauona mfuko wa bluu chini ya benchi. Akawaza: ngoja leo wamjue. Akapanda gari. Akanyamaza.

Gari likatembea saa nzima. Akanyamaza. Wakala mahindi njiani, Sekela akamkatia nusu ya lake akampa. Akala, akanyamaza.

Walipofika ndipo kilio kikaanza. Kinanda kipo, adapta hakuna. Wenyeji wakaleta adapta zao, zikawa haziingii. Mwalimu akamgombeza Sekela mbele ya wageni. Na Tumpe? Moyoni alisema ndiyo, ndiyo hasa. Halafu akashangaa jinsi ile ladha ilivyokwisha haraka mdomoni.

"Msihangaike," alisema Mama Chirwa, msimamizi wa mafungo, ambaye alikulia Mbeya na Kiswahili alikijua vizuri. "Tuna piano ya mbao ukumbini."

Lusajo akaenda kuitazama. Akaizunguka. Akachungulia mbele, akachungulia ubavuni.

"Mama," akauliza, "kitufe kiko wapi?"

"Kitufe gani, mwanangu?"

Lusajo jasho likamtoka. Piano ile haikuwa na kitufe wala waya. Kwa meno meupe peke yake, nyimbo zote zingelala chini, na hakuna wa kuzipandisha. Angeweza kukataa. Hakukataa. Alikaa pale akijizoeza tangu baada ya chakula cha mchana hadi chai ya saa kumi, maana meno ya piano yalikuwa mazito, si laini kama aliyoyazoea, na vidole vikamvimba.

Asubuhi ukumbi ukajaa. Wamisionari walikuwa wamechoka, wengine wamezika wenzao mwaka ule, wengine hawajaona nyumbani kwao miaka sita. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa Sekela mwenyewe, "Umenifuta Vumbi." Unaanza hivi: nilikuwa chini, ukaniinamia.

Lusajo akapiga. Sekela akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Wimbo ulikuwa chini mno kwake. Akajaribu tena. Pumzi.

Sekela angeweza kuubadilisha wimbo. Angeweza kupiga makofi na kusema tuombe. Badala yake aligeuka nyuma, akanyoosha maiki.

"Dada Tumpe," akanong'ona, "imba wewe."

Tumpe akaimba. Loo! Wimbo ule, ambao Sekela alizoea kuuimba kutokea darini, ukatoka kwa mtu aliye chini kweli. Tumpe aliuimba kama alivyouimba jikoni, na kila neno alikuwa nalo. Mzee mmoja mmisionari aliweka kofia yake usoni, akalia. Hakuna aliyebaki ameketi. Waliuomba tena, na tena.

Siku ya kuondoka, Mama Chirwa akaleta karatasi.

"Chuo chetu cha muziki kina nafasi moja," alisema. "Mwaka mmoja, kila kitu juu yetu. Wamisionari wameomba apewe yule aliyetupa wimbo wa asubuhi ile. Jazeni jina. Ni moja tu, tafadhali, na gari langu linaondoka saa nne."

Mwalimu Mwaipaja akaitazama karatasi, akawatazama watatu wale, akaona hatari. "Kubalianeni wenyewe," akasema, akaenda zake kufunga mizigo.

Sekela akaanza. "Wimbo ni wangu. Niliutunga baba alipokuwa amelazwa, nikiwa nimekaa sakafuni wodini. Na maiki niliitoa kwa mkono wangu. Nisingegeuka, nani angemsikia Tumpe?"

Lusajo akasema, "Na mimi? Nisingekaa kwenye lile dude hadi vidole vikavimba, mngeimba na nini, makofi? Huyu ametunga, huyu ameimba, lakini mimi ndiye niliyewabeba wote wawili."

Tumpe akasema, "Huyu anasema ametunga, huyu anasema amepiga. Waliulilia ulipoimbwa na nani? Miaka kumi na mmoja niko nyuma ya migongo yenu. Wimbo ule umeimbwa miaka mitatu na hakuna aliyeweka kofia usoni. Mimi nina miaka thelathini na sita. Nafasi nyingine nitaipata lini? Mbinguni?"

Sekela machozi yakamtoka. "Chukua basi! Mimi ni mzembe, si ndiyo? Juma zima naitwa mzembe kwa ajili ya ule mfuko. Kila jioni napiga magoti nimwombe Mungu anisamehe kwa kuuacha."

Hapo Tumpe alitaka kunyamaza, kama alivyonyamaza garini. Kinywa kikamkatalia.

"Niliuona," akasema. "Chini ya benchi. Niliuona nikapanda gari."

Tumpe akasubiri kofi, au tusi. Sekela akacheka, kicheko kibaya, kikavu.

"Haya. Na mimi nikuambie. Nilikuja kwenu siku moja kuchukua sketi, nikakusikia jikoni. Nikasimama mlangoni hadi miguu ikaniuma. Ulikuwa unauimba wangu, na ulikuwa unauimba kunishinda. Sikubisha hodi. Tangu siku hiyo nikawa namwambia Lusajo, pandisha. Wala si kwa ajili ya sauti yangu, hata mimi koo liliniuma. Ni ili wewe usiufikie."

"Na zile siku mbili nilizojaribishwa?" Tumpe akauliza.

Wote wawili wakamgeukia Lusajo. Lusajo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sekela alinikonyeza, nikabonyeza," akasema. "Nilijua ni kwa nini. Nilijua pia kwamba wimbo ukishuka, dada Tumpe anaimba. Lakini Sekela ndiye anayeniita mpiga kinanda mkubwa, ilhali meno meusi siyajui."

Nje honi ikalia. Mama Chirwa akaita kutoka garini, "Jamani, jina!"

Kalamu ilikuwa kwa Tumpe, katibu. Akaiweka ncha juu ya mstari ule mtupu. Hakuna aliyemnyang'anya. Sekela alikuwa amekaa chini sakafuni, Lusajo ameegemea ile piano, na wote wawili walikuwa wanatazama mkono wake, wamenyamaza kama alivyonyamaza yeye mpakani.

Haya, mliocheka mwanzoni, ndiyo sasa. Mmoja aliutunga akaufungia juu. Mmoja aliubeba, na ni yeye aliyekuwa akibonyeza. Mmoja aliuimba, na asingeuimba kama asingeuacha mfuko chini ya benchi. Honi imelia mara ya pili. Je, kwenye mstari ule Tumpe aandike jina la nani?