Karani Aliyeona Kadi Tatu

Aonyeshaye tundu siye aliyetoboa.

Mmeisikia asubuhi hii, mwenzenu alipokasirika kwa kuambiwa kwamba programu ya kompyuta aliyoiandika ina kasoro, na mkufunzi wenu akamtupia maneno hayo kisha akaendelea na kazi. Sasa mnataka kujua yalikotoka. Mmemwuliza anayejua, kwa maana nilikuwapo, ingawa sehemu yangu katika jambo hilo si ya kujivunia. Methali hii ilizaliwa hapahapa Ilundo, katika hospitali hii mliyokuja kufanyia mafunzo, miaka tisa iliyopita. Nami wakati huo nilikuwa bado muuguzi wa kliniki.

Zamani kumbukumbu zetu zote zilikuwa za karatasi. Panya walizila, mvua ilizilowesha, na mgonjwa aliyelazwa mara tatu alikuwa na mafaili matatu yenye jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Ndipo kampuni moja ya mjini ikatuletea mfumo wa kompyuta. Nao ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Mgonjwa akishatibiwa alipata ujumbe kwenye simu, na ndani ya ujumbe kiungo, yale maandishi ya buluu ambayo ukiyagusa yanakufungulia kitu. Akikigusa, kadi yake inatokea: jina, tarehe ya kurudi, majibu ya maabara, dawa anazotumia. Mama aliyesahau kadi ya mtoto nyumbani hakurudishwa tena akaichukue huku ukungu umefunga njia. Tuliipenda kampuni ile.

Karani wa kumbukumbu alikuwa Tulizo Ngailo. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyevaa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimpelekea fomu yenye kosa aliirudisha mezani kwako bila kusema kitu, amezungushia kosa duara dogo kwa penseli. Baadhi yetu tuliudhika na maduara yale. Lakini kabla ya Tulizo kuja, mgonjwa mmoja aliwahi kupewa dawa ya mwingine kwa sababu ya majina kufanana, na tangu aje jambo hilo halikutokea tena.

Siku moja asubuhi alitaka kuangalia kadi ya mwanawe wa mwisho. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, hasomi vizuri, kwa hiyo akakinakili kile kiungo kwenye kompyuta ya ofisi, herufi moja baada ya nyingine. Mwishoni kulikuwa na namba ya kadi. Akakosea tarakimu moja.

Kadi ikafunguka. Haikuwa ya mwanawe. Ilikuwa ya mtu mzima, na kila kitu chake kilikuwa wazi pale.

Tulizo alidhani kompyuta imechanganyikiwa. Akabadili tarakimu ya mwisho makusudi, ikafunguka kadi ya mtu mwingine. Akabadili tena, ikafunguka ya tatu. Hapo akazima kioo cha kompyuta, akaja kliniki kunivuta mkono.

“Sista Mwinuka, njoo mara moja.”

Hakunionyesha kadi zile. Aliandika namba za uongo kwenye karatasi, akanieleza kwa ncha ya penseli: hii ni yangu, nikiigeuza hapa nasoma ya jirani, nikiigeuza tena nasoma ya jirani wa jirani.

“Unaweza kusoma ya mtu yeyote?” nikamwuliza.

“Yeyote. Na si mimi tu. Hata vijana walioko kijiweni, wakiwa na simu na wakagundua kubadili namba.”

Nilielewa. Mnisikie vizuri hapo: nilielewa kabisa. Nikamwambia, “Basi mwambie daktari,” nikarudi kupima watoto uzito.

Kwanza aliiandikia kampuni barua pepe, siku hiyohiyo. Kimya. Akaandika ya pili. Akapiga simu, na binti mwenye sauti nzuri akamwambia kwamba mfumo wao ni salama kwa asilimia mia, akamtakia siku njema. Ndipo akamwendea mganga mkuu wetu, Daktari Kihwelo, naye akaandika barua yenye muhuri wa hospitali.

Wiki ya tatu jibu likaja. Halikusema lolote juu ya tundu. Lilisema kwamba kumbukumbu za kampuni zinaonyesha kuwa siku fulani, saa nne na dakika kumi asubuhi, kadi tatu zilifunguliwa kutoka kompyuta ya ofisi ya kumbukumbu na mtu asiye na ruhusa. Huo ni udukuzi, barua ikasema. Hospitali imchukulie mtumishi huyo hatua, ama sivyo kampuni itaondoa huduma zake na kulifikisha suala hili mbele ya sheria.

Daktari Kihwelo hakuwa mtu mbaya. Lakini aliikumbuka hospitali ya karatasi na panya, akaogopa. Akamsimamisha Tulizo kazi mpaka kikao cha kamati kikae. Na muda wote huo, wanangu, zile kadi zilikuwa bado ziko wazi vilevile.

Katika wale watu watatu, Tulizo alimfahamu mmoja tu. Alikuwa Mzee Enosi Luvanda, fundi wa matangi ya maji, mzee wa kanisa pia, mtu anayeheshimiwa. Kadi yake ilikuwa na jambo ambalo hata watoto wake hawakulijua. Ni jambo gani? Msiniulize. Tulizo alikaa nyumbani siku mbili akiliwaza, siku ya tatu akaenda karakana ya mzee yule kumwonya. Mengine ya siku hiyo niliyapata baadaye kwao wote wawili.

“Kamwene, baba,” alimsalimu.

“Kamwene, mwanangu. Karibu. Tangi linavuja?”

“Hapana, baba. Nimekuja kwa jambo la hospitali.” Akamweleza kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye neno “kadi yako”, mzee aliweka nyundo chini.

“Umeisoma?”

“Ilifunguka mbele yangu. Nimeona kabla sijajua ninachokiona. Sijamwambia mtu, wala sitamwambia. Nimekuja ili ujue kwamba mwingine naye anaweza kuiona.”

“Na nani alikutuma kufungua?”

“Hakuna aliyenituma, baba. Nilikosea namba.”

“Ulikosea namba,” mzee akarudia. “Miaka kumi na moja nimelitunza neno hili. Wewe umelitoa kwa kukosea namba. Toka kwangu. Toka!”

Alitoka. Aliniambia kwamba njiani hakulia, lakini alipofika nyumbani akaanza kufuma, na mishono yote ikawa inamponyoka.

Kikao kilikaa katika bwalo la hospitali. Kamati ilikuwapo, watumishi tulikuwapo, na wananchi wachache, kwa kuwa kanisani ilitangazwa kwamba kinahusu kadi za wagonjwa. Kutoka kampuni alikuja Bwana Rwezaula, kijana mwenye adabu, nguo zake safi. Alizungumza taratibu. Alisema mfumo umekaguliwa na wataalamu, tundu linalosemwa halipo, ila yupo mtumishi aliyeingia mahali pasipo pake na sasa anatafuta pa kujificha.

Kisha akamgeukia Tulizo. “Dada, unasema ulifungua kadi ya mtu mwingine kwa kubadili namba tu. Basi taja jina la mtu mmoja uliyemwona. Tumwite, aulizwe, mambo yaishe.”

Mnauona mtego? Akitaja, amevunja siri ya mgonjwa na anafukuzwa siku hiyohiyo. Asipotaja, ni mwongo.

Tulizo alisimama. “Siwezi kumtaja.”

“Kwa hiyo huna ushahidi.”

“Ninao. Ila si wangu wa kutoa.”

Watu wakaanza kunong’ona. Daktari Kihwelo akaangalia karatasi zake. Nami niliyeelezwa kwa ncha ya penseli, niliyeelewa kabisa, nilikuwa nimekaa safu ya pili, na nilichofanya ni kukunja mikono. Nilikuwa nimebakiza miaka minne nistaafu. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine ya kuwapa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. “Mtu huyo ni mimi.”

Mzee Luvanda alikuwa amekuja na nguo zake za kazi. Alitembea mpaka mbele huku akipekua mfuko wa koti, akatoa daftari lake la kliniki.

“Bwana,” akamwambia Rwezaula, “wewe unayo kadi katika mfumo wenu?”

“Ninayo ya kujaribia, mzee. Ile ya kuwaonyesha watu.”

“Ifungue hapo kwenye simu yako.”

Rwezaula akaifungua.

“Sasa futa namba ya mwisho wa yale maandishi. Nitakusomea yangu uiandike.”

“Mzee, hilo haliwezi…”

“Mwandikie,” akasema Daktari Kihwelo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuinua kichwa.

Mzee akasoma tarakimu zake moja moja kutoka kwenye daftari. Rwezaula akaandika, akagusa, akangoja. Mtandao wa kwetu mnaujua. Tukangoja wote. Kisha nikauona uso wa kijana yule ukibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanaoga.

“Umeona jina langu?” mzee akauliza.

“Nimeliona.”

“Na yaliyo chini ya jina?”

“Nimeyaona, mzee.” Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaiwekea kiganja juu.

“Haya. Sasa na wewe umefungua kadi yangu bila ruhusa ya mfumo wenu. Nikushitaki?”

Rwezaula akaivuta simu, akaizima.

Mzee akatugeukia sisi. “Binti huyu alikuja kwangu kunionya, nikamfukuza. Nilimwona kama yeye ndiye mwizi. Jumatatu akaja mama mmoja na tangi lake nilizibe, akaniambia kwamba amegombana na jirani yake. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, ‘Jirani ndiye aliyeniambia kuwa linavuja, maneno yake yakaniudhi.’ Nikamcheka. Nikasema, mama, kutu imekula tangi lako tangu mwaka juzi, jirani ana kosa gani? Aonyeshaye tundu siye aliyetoboa. Nikasikia kinywa changu chenyewe kinasema hivyo, kicheko kikanikatika. Siku nzima sikuweza kuchomelea kitu.”

Akalikunja daftari. “Yaliyoandikwa kwenye kadi yangu ni yangu. Anayetaka kuyajua na aje aniulize, nitaamua kama nitamjibu. Lakini mama Ngailo msimfukuze.”

Mchana huohuo Daktari Kihwelo aliufunga mfumo, tukarudia karatasi kwa wiki mbili. Tulilaumiwa sana, foleni ilifika getini. Ulipofunguliwa tena, kila mgonjwa alikuwa na neno lake la siri, na kubadili namba hakukuzaa kitu. Tulizo alirudishwa kazini. Kampuni ilileta barua nyingine yenye karatasi nzuri, ikisema inathamini ushirikiano wetu na imeboresha huduma. Neno “samahani” nililitafuta mle ndani mpaka kwenye sahihi, sikuliona.

Rwezaula alikuja mwenyewe, peke yake, bila barua. Alimwambia Tulizo kwamba barua ya kwanza aliitia sahihi bila kwenda kwa watengenezaji kuwauliza kama ni kweli. “Niliona jina la kampuni limeguswa,” alisema, “nikakimbilia kulisafisha.” Akamwachia namba yake ya simu, akamwomba akiona tundu jingine ampigie yeye. Alipigiwa mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili alipokea.

Mimi nilichelewa kuliko yeye. Ulipita mwezi mzima kabla sijapiga hodi kwa Tulizo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, na alipofungua mlango yakapotea yote.

“Nilijua,” nikamwambia. “Nilijua, na nilikaa kimya.”

Alinitazama, akanikaribisha ndani, akanimiminia chai. Kisha akasema, “Uliogopa, dada. Hata mimi niliogopa. Ila siku ile nilikuwa nakuangalia wewe.” Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Tulikunywa chai. Jumatatu nilipompelekea fomu yangu yenye kosa aliirudisha na duara la penseli, nikaipokea kwa mikono miwili.

Maneno ya mzee yalitembea kuliko sisi. Wauguzi waliyachukua, kisha walimu, kisha mafundi pikipiki. Siku hizi nayasikia sokoni kwa watu ambao hata jina la Luvanda hawalijui. Naye mwenyewe alipata hasara yake. Watu walinong’ona na kubuni magonjwa, na wateja wawili watatu wakahamia kwa fundi mwingine. Watoto wake aliwaketisha akawaambia mwenyewe. Nilimwona mwaka mmoja kabla hajafariki, alipokuja kliniki, nikamwuliza kama anajutia siku ile ya kusimama mbele ya watu.

“Ya kusimama sijutii, Sista,” akanijibu. “Ninayojutia ni ile ya karakana. Binti wa watu alitembea mpaka kwangu, amesimamishwa kazi, ana watoto, hana faida yoyote ya kupata, anataka tu nisiaibike. Nikamwambia toka.” Akatikisa kichwa, akasema tena yale maneno yake. Safari hii hakuyasema kama mtu anayefundisha wengine. Aliyasema polepole, kama anayeungama:

“Aonyeshaye tundu siye aliyetoboa.”