Bi Ngiri na Shimo la Bondeni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula wakashiba? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nawasikia. Mwanaidi, ondoa mguu kwenye majivu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana na kuulizana njia, alikuwako Bi Ngiri. Mumewe alikuwa Bwana Ngiri, na watoto wao walikuwa watatu: Kwanza, Pili na Mziwanda. Mziwanda alikuwa mdogo kweli, hata mkia wake ulikuwa haujajua kusimama.

Walikaa Uwandani. Mvua ikakosa mwaka wa kwanza, wakavumilia. Ikakosa mwaka wa pili, wakavumilia. Ikakosa mwaka wa tatu, maziwa ya Bi Ngiri yakaanza kukauka. Hapo hakuna kuvumilia tena. Mama anaweza kulala na njaa yake, lakini njaa ya mwanawe hailaliki.

"Baba Kwanza, tuhame," akasema.

"Tuhamie wapi?"

"Kuna Bondeni na kuna Kilimani. Kaa na watoto, nikatazame."

Sasa, kabla hatujafuatana naye, lipo jambo la ngiri mlijue. Ngiri hachimbi nyumba. Hukaa katika mashimo yaliyoachwa na Muhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu. Na wakati wa kuingia shimoni watoto hutangulia, kisha mkubwa huingia kinyumenyume: makalio ndani, meno nje. Chui akichungulia, anapokewa na meno. Ngiri wote huingia hivyo, na wakiingia huimba. Haya, tuimbe:

"Kinyume, kinyume!
Watoto chumbani,
meno mlangoni!"

Vizuri. Juma, wewe umeimba baada ya wenzako, lakini tumekusikia.

Bi Ngiri akaenda, akaenda, akaenda, akafika Bondeni. Lo! Majani mabichi, laini, yanafika magotini. Akapiga magoti, kama ngiri wanavyokula, akala mpaka akasahau alichokijia. Aliponyanyua kichwa akamwona Kuro, yule swala mkubwa apendaye maji, kasimama kando ya mto.

"Hujambo, mwenyeji?"

"Sijambo, mgeni. Karibu."

"Nchi yenu ikoje?"

"Majani tele, maji tele."

"Na watoto hulala wapi?"

"Mimi wangu humlaza kwenye nyasi ndefu," akasema Kuro. "Hajapata kulalamika."

Bi Ngiri akatafuta shimo, akalipata moja kwenye ukingo wa mto. Udongo laini, mlango mpana. Akaingia kinyumenyume, "meno mlangoni!", akatazama nje. Akauona mto. Akayaona majani. Akamwona Kuro akicheua. Akasema, "Hapa ndipo."

"Bibi, na huko ndani hakutazama?"

Swali zuri, Mwanaidi. Atatazama na nini? Kilichofika mwisho wa shimo ni makalio, na makalio hayana macho. Msicheke sana, mtapaliwa.

Hata hivyo alikwenda na Kilimani, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Akaenda, akaenda, akaenda. Huko majani machache, makavu, chakula kingine ni mizizi ya kuchimbua. Kisima kiko mbali. Mashimo yapo mengi, lakini ya changarawe. Alipojaribu kuingia kinyumenyume, jiwe likamchoma. Nje ya shimo jingine akamkuta Muhanga akijikung'uta mchanga.

"Mzee Muhanga, shikamoo."

"Marahaba."

"Lile shimo la Bondeni, ukingoni mwa mto, ni la nani?"

"Nililichimba mimi."

"Basi asante sana kwa kutuachia! Na yale majani! Mzee, yale majani ni sukari!"

Akaendelea kuyasifu majani mpaka Muhanga akachoka kusimama, akaingia zake ndani. Sasa nyinyi niambieni, hapo kuna swali gani limesahauliwa?

"Kwa nini alihama!"

Kumbe mna akili. Nyumba nzuri ukiikuta tupu, uliza kwanza mwenyewe kaenda wapi. Bi Ngiri hakuuliza. Alikuwa na majani kinywani na furaha moyoni, akarudi mbio Uwandani.

"Tunakwenda Bondeni," akamwambia mumewe.

"Kuna majani?"

"Mpaka magotini."

Bwana Ngiri alikuwa keshasimama.

Wakahama. Watoto wakanona, maziwa yakarudi, Bwana Ngiri akaota kitambi. Siku nane nzima ikawa raha tu. Siku ya tisa, asubuhi, mvua ikaanza kunyesha. Bwana Ngiri alikuwa malishoni, hakujali. Bi Ngiri akawaita watoto, wakakimbilia shimoni. Haya, wakaimbaje?

"Kinyume, kinyume!
Watoto chumbani,
meno mlangoni!"

Mvua ikanyesha. Bi Ngiri akaukodolea macho mlango, maana adui huja kwa mlango. Mama yake alimfunza hivyo, na mama yake naye alifunzwa hivyo. Mara akasikia sauti ya Mziwanda kutoka nyuma.

"Mama, huku kuna baridi."

"Nyamaza, nalinda mlango."

Mvua ikanyesha.

"Mama, huku kuna tope."

"Nyamaza, nalinda mlango."

Mvua ikanyesha.

"Mama, maji yamenifika shingoni."

"Nyamaza, Mziwanda! Hujui kuwa nalinda mlango?"

Mziwanda akanyamaza.

Akanyamaza, jamani. Na kule kunyamaza ndiko kulikomshtua Bi Ngiri, maana yule mtoto hakujua kunyamaza tangu kuzaliwa. Ndipo alipohisi maji kwenye miguu yake mwenyewe. Adui hakuja kwa mlango. Alikuja kwa chini, mtoni, akipenya kwenye ule udongo laini alioupenda. Na watoto hawakuweza kutoka, kwa sababu mama yao ndiye aliyekuwa kizibo.

Akachomoka nje. Kwanza akatoka. Pili akatoka. Mziwanda hakutoka.

Bi Ngiri akafanya jambo ambalo ngiri hafanyi. Akageuka, akatumbukiza kichwa shimoni, akaingia uso mbele kwenye maji na giza. Akapapasa kwa pua, akapata sikio, akaliuma, akavuta. Akamtoa Mziwanda, akamlaza kwenye majani. Mtoto kimya. Akamsukuma kwa pua tumboni, kimya. Akamsukuma tena, kimya. Mara ya tatu maji yakamtoka puani, Mziwanda akakohoa, akalia. Bi Ngiri naye akalia, tena kwa sauti.

Bwana Ngiri akaja mbio, mdomo umejaa majani. "Kuna nini?"

"Aliniambia mara tatu," akasema mkewe. "Mtoto aliniambia mara tatu, nikamwambia anyamaze."

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika. Bwana Ngiri akatazama huku na huku.

"Mama Kwanza, tusiwe na haraka. Maji yataondoka, majani yatabaki."

"Basi baki na majani. Mimi nakwenda na watoto."

Akabaki kidogo. Akatafuna mara mbili, mara tatu, akayatema, akawafuata akinung'unika.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, wakafika Kilimani. Muhanga akawatazama, akamtazama Mziwanda na sikio lake lililochanika.

"Wewe una bahati," akasema. "Mimi wangu sikumtoa."

"Mzee! Mbona hukuniambia?"

"Ulinishukuru, ulinisifia majani. Hukuniuliza kitu. Na mimi habari ile siianzi mwenyewe."

 Bi Ngiri akaliendea shimo moja la changarawe. Watoto wakajipanga watangulie, akawazuia. Akaingia yeye, peke yake, kichwa mbele. Bwana Ngiri akaona haya. "Mke wangu, unatazamwa!" Hakumsikiliza. Akafika mwisho wa shimo, akajilaza pale pale mtoto atakapolala, akakaa hapo muda mrefu. Pakavu. Akatoka, akawaingiza watoto, naye akaingia kinyumenyume, meno mlangoni, maana chui wapo Kilimani pia.

Mara akasikia sauti kutoka nyuma.

"Mama, huku kuna jiwe."



"Liko upande gani, mwanangu?" akauliza Bi Ngiri, akatoka nje, akawapanga watoto upya, akaingia kulichimbua. Mara tatu alitoka, mara tatu akaingia, kwa mawe matatu, ilhali Bwana Ngiri amesimama mlangoni badala yake.

"Bibi, wakanona?"

Siwadanganyi, wakakonda. Kila siku safari ya kisimani, kila siku mizizi. Bwana Ngiri aliyataja yale majani mpaka anazeeka. Lakini watoto waliokwenda Kilimani watatu wakakua watatu.

Basi, wewe utakayekuja kuwa mzazi ukahama, nchi usiipime kwa tumbo lako. Ipime kwa mahali mwanao atakapolaza ubavu, na akikuambia kuna baridi, geuka utazame. Ngano yangu imekomea hapo. Aliyesinzia atamuuliza mwenzake.